Mbwa Mdogo Akigeuza Tabia Ghafula

Katika miji mingi ya wakulima wa Kenya mna mbwa wa namna mbili. Mbwa mkubwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na kila apitaye njiani humwogopa. Mbwa mdogo hana kazi ila kubweka mgeni afikapo. Hulala karibu na meko, hufuatana na watoto kisimani, na hula makombo ya ugali mikononi mwao. Mbwa mkubwa akikasirika, watu hukimbia. Mbwa mdogo akikasirika, watu hucheka. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana kichaa cha mbwa hakichagui mbwa kwa ukubwa wake.

Na ufikiriwe mji mmoja katika vilima vya Ukambani. Siku ya Jumatatu mbwa mdogo wa mji huo, ambaye hajapata kukataa chakula tangu azaliwe, anageuza uso mbele ya sahani yake na kwenda kujificha chini ya ghala. Siku ya Jumanne anatoka, anaramba mikono ya kila mtu bila kuchoka, kisha anatafuna kijiti cha kuni kana kwamba ni mfupa. Sauti yake imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Jioni mtoto wa miaka saba anamvuta mkia kama alivyozoea, na mbwa anamgeukia na kumwuma kidole. Ni alama ndogo tu, na tone moja la damu. Mama anaipangusa kwa leso yake. Baba arudipo kutoka kazini anaambiwa habari, naye anasema, "Mbwa huyu hana meno ya kumdhuru mtu. Labda tumbo linamwuma." Siku ya Alhamisi mbwa hayupo. Watu wanadhani kwamba amechukuliwa na fisi, na habari yake inasahauliwa.

Baada ya miezi miwili mtoto analalamika kwamba kidole kile kinamwasha na kumchoma, ingawa kidonda kilipona zamani. Anashikwa na homa, na usiku hapati usingizi. Akipewa maji, koo lake linakaza na mwili wake unatetemeka kwa hofu. Anapofikishwa hospitali, wakati wa kumwokoa umekwisha kupita.

Mfano huu hausimulii mambo ya mji mmoja uliopo. Hata hivyo ndivyo ugonjwa huu uendavyo, hatua kwa hatua, na katika kila hatua palikuwa na nafasi ya kuuzuia. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Hakuna mwiba udharauliwao kuliko jino la mbwa mdogo wa nyumbani.

UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa si uchawi, wala hakiletwi na jua kali, wala si hasira ya mbwa aliyefungwa muda mrefu. Huletwa na virusi, ambavyo ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Virusi hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate huingia katika kidonda, na kutoka hapo virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Mate yakiingia katika mkwaruzo, au katika jicho au kinywa, hatari ni ile ile.

Safari hiyo ya kwenda ubongoni kwa mtu huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mmoja. Katika muda huo mtu hajisikii vibaya, na bado aweza kuokolewa kwa sindano. Lakini dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Basi mwenye kungoja aone kama ataugua amejifungia mlango mwenyewe.

Watoto ndio wenye hatari kubwa zaidi. Katika dunia nzima yakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Mtoto hucheza na mbwa bila hofu, na kwa kuwa ni mfupi, mara nyingi huumwa usoni, kichwani au mikononi. Mahali hapo pana mishipa mingi ya fahamu, na uso uko karibu na ubongo, kwa hiyo safari ya virusi huwa fupi.

Katika Kenya mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa alionekana karibu na Nairobi mwaka 1912. Tangu wakati huo ugonjwa haukuondoka nchini, na Machakos imejulikana kwa miaka mingi kuwa mojawapo ya mahali unapokaa. Mwaka 2014 Serikali ilianza mpango wa kuukomesha kabisa miongoni mwa watu kufika mwaka 2030. Wakati huo ilikadiriwa kwamba watu wapatao 2,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika Kenya.

DALILI ZA KWANZA

Watu wengi hungoja kuona mbwa akikimbia njiani, povu likimtoka na macho yamekuwa mekundu. Mwenye kungoja hayo huenda akachelewa, kwa kuwa mate ya mbwa yaweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla dalili hizo hazijaonekana. Dalili ya kwanza ni ndogo zaidi, na aijuaye ni mtu wa nyumbani tu: mbwa ameacha kuwa yule aliyezoeleka.

Mbwa mchangamfu hujitenga na kujificha gizani. Mbwa mwoga, ambaye hakupenda kuguswa, huja kujisugua miguuni mwa watu. Mbwa asiyeuma hung'ata bila kuchokozwa. Pengine hujiramba au kujitafuna mahali pamoja, palipokuwa na kidonda cha zamani. Hukataa chakula chake lakini hula vijiti, mawe, udongo au matambara. Hudaka hewa kana kwamba anakamata nzi. Sauti yake hubadilika. Huondoka nyumbani na kutembea mbali, akiuma ng'ombe, mbuzi na mbwa wengine njiani.

Iko namna ya pili iliyo ya kimya, nayo huwadanganya watu zaidi. Mbwa haumi wala habweki. Taya la chini hulegea, mate humtiririka, na hawezi kumeza. Miguu ya nyuma hupepesuka, kisha hulala asiweze kuinuka. Mwenye mbwa humwonea huruma, hudhani kwamba mfupa umemkwama, akamfungua kinywa na kuingiza vidole. Huruma hiyo imewatia wengi hatarini.

Lafaa pia kusahihishwa kosa moja la zamani. Watu husema kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, basi wakimwona anakunywa hutulia. Anayeogopa maji ni mtu aliyeugua. Mbwa mgonjwa aweza kuyaendea maji, akajaribu kuyanywa, hata akavuka kijito. Kunywa maji si ushahidi wa uzima wake.

SI KILA BADILIKO NI KICHAA

Hata hivyo si haki kumwua kila mbwa atetemekaye. Yako mambo mengine yawezayo kumgeuza mbwa mdogo kwa saa chache, na mengi yao hutibika.

La kwanza ni sumu. Katika mashamba mna dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mimea na dawa ya panya. Mbwa aliyeramba dawa hizo aweza kutokwa na mate, kutapika, kutetemeka na kuanguka. Mwenye mbwa na atazame kama mkebe umeachwa wazi, na amwendee daktari wa wanyama akiwa na mkebe huo mkononi, ili daktari aijue dawa. Asimmiminie mbwa maziwa kinywani, kwa maana mbwa mwenye kifafa hawezi kumeza vema, na maziwa yaweza kuingia mapafuni.

La pili huwapata majike wadogo wanaonyonyesha, hasa katika wiki chache za kwanza baada ya kuzaa. Jike huhema upesi, hana utulivu, hutembea kwa miguu iliyokakamaa, kisha hutetemeka mwili mzima. Sababu yake ni kupungukiwa na chokaa ya damuni, ambayo imekwenda katika maziwa. Watoto wake na waondolewe wasinyonye, na daktari aitwe upesi, kwa kuwa sindano ya chokaa yaweza kumwinua siku ile ile. Akicheleweshwa hufa.

La tatu ni ugonjwa uitwao distempa, ambao huwashika sana watoto wa mbwa wasiochanjwa. Huanza kwa homa, usaha machoni na puani, kukohoa na kuharisha; baadaye huja kifafa na kutafunatafuna taya. Ugonjwa huo hauwashiki watu, lakini macho ya mtu asiye daktari hayawezi kuutofautisha na kichaa.

Tena iko homa ya kupe, ambayo humlegeza mbwa, hufanya ufizi wake uwe mweupe na mkojo wake uwe wa rangi ya kahawa. Yako maumivu ya sikio au ya jino, ambayo humfanya mbwa mpole aume aguswapo. Na kipo kifafa cha kawaida, ambacho hupita kwa dakika chache, na mbwa huinuka akishangaa.

Basi mtu atajuaje? Jibu ni kwamba kwa kutazama tu hatajua, wala si lazima ajue saa ile. Kanuni iliyo salama ni moja: mbwa aliyegeuka tabia ghafula na ahesabiwe kuwa na kichaa mpaka itakapoonekana kwamba hana. Kwanza watu walindwe. Kisha mbwa atibiwe.

LA KUFANYA KWA MBWA

Watoto waondolewe kwanza, nao waambiwe wazi kwamba mbwa haguswi. Mbwa asikamatwe kwa mikono wala asikumbatiwe, hata kama ni mtoto wa mbwa anayetosha katika kikapu. Kama yumo ndani ya chumba au banda, mlango ufungwe naye akiwa ndani. Kama yuko nje, asukumwe polepole kwa ubao au kwa fito ndefu mpaka aingie mahali pa kufungiwa. Chakula na maji visogezwe kwa mti, bila mkono kuingia.

Kisha habari ipelekwe siku hiyo kwa afisa wa mifugo au kwa chifu. Kenya inayo sheria maalumu ya ugonjwa huu, Sura ya 365, na mwenye mnyama anayeshukiwa haruhusiwi kuficha habari zake.

Mbwa aliyeuma mtu, akiweza kufungiwa salama, asiuawe kwa haraka. Na atazamwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma, kwa kawaida huugua wazi na kufa kabla siku hizo hazijatimia. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, basi siku ile alipouma hakuwa na virusi kinywani, na daktari wa hospitali aweza kuamua kwamba sindano zilizobaki hazihitajiwi.

Lakini ikiwa hapana budi auawe kwa kuwa anawashambulia watu, asipigwe kichwani. Ubongo wake ndio utakaochunguzwa katika maabara, kama ile ya Kabete, na ukipondwa ushahidi umepotea. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu, usichunwe ngozi, wala usitupwe porini uliwe na wanyama wengine. Afisa wa mifugo ndiye atakayeeleza namna ya kuupeleka au kuuzika.

Mkulima na akumbuke ng'ombe wake pia. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa wa namna hii aweza kuugua baada ya majuma kadhaa: hutokwa na mate mengi, hulia kwa sauti isiyo ya kawaida, na huonekana kama amekwamwa na kitu kooni. Wenye ng'ombe wengi huingiza mkono kooni kukitafuta kitu hicho. Wasifanye hivyo kabla ya kumwita daktari. Maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe na nyama yake isiliwe.

LA KUFANYA KWA MTU ALIYEUMWA

Jambo la kwanza liko katika kila nyumba, nalo ni sabuni na maji. Kidonda kioshwe mara moja, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Pasipo na mfereji, mtu mmoja na amimine maji kwa kata au kwa birika na mwingine aoshe. Dakika 15 ni muda mrefu kwa mtoto anayelia, na wazazi wengi huacha baada ya dakika mbili. Wasiache. Kila dakika huondoa virusi ambavyo havijapata kuingia ndani. Baada ya kuosha, dawa ya madini ya aidini itiwe kama ipo.

Kidonda kisitiwe pilipili, tumbaku, majivu, mafuta ya taa wala samadi. Vitu hivyo haviui virusi, bali huumiza nyama na kumchelewesha mtu njiani.

Jambo la pili ni kwenda hospitali siku ile ile. Mtu asingoje siku 10 za kumtazama mbwa. Sindano huanzishwa kwanza, na mbwa hutazamwe wakati huo huo. Wazee waliokumbuka sindano nyingi za tumboni na waambiwe kwamba mambo yamebadilika. Siku hizi chanjo hupigwa mkononi, sindano chache kwa siku zilizopangwa, na mtoto mdogo hupigwa pajani. Ikiwa kidonda ni kikubwa au kiko usoni, daktari huongeza dawa nyingine ya kinga, ambayo hutiwa pale pale penye kidonda. La muhimu ni kutimiza siku zote zilizoandikwa katika kadi. Mtu aliyepigwa sindano moja kisha akarudi shambani hajajikinga.

Chanjo hiyo si jambo jipya la kujaribiwa. Mwezi wa Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule hakuugua, akaishi mpaka utu uzima. Tangu siku ile watu wasiohesabika wameokolewa kwa njia hiyo, na wote walikuwa na jambo moja sawasawa: walifika kabla ya dalili.

KINGA NI KWA MBWA

Hata hivyo sindano za watu ni kama ndoo ya maji wakati nyumba inapoungua. Moto wenyewe huzimwa kwa kuwachanja mbwa. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kisiwa kizima, na ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi, kampeni ya chanjo ikafanywa tena, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Hapo pana mafundisho mawili: kwamba ugonjwa huu huweza kushindwa, na kwamba watu wakilegea hurudi.

Mwenye mbwa asiseme, "Mbwa wangu ni mdogo, hatoki nje ya ua." Mbwa mwenye kichaa ndiye aingiaye uani. Wala asiseme, "Huyu bado ni mtoto." Watoto wa mbwa nao hushikwa na ugonjwa, na ndio wanaobebwa na watoto wa watu. Siku ya chanjo itangazwapo sokoni au kanisani, mbwa wote wa mji na wapelekwe, mkubwa na mdogo, na cheti kihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Chanjo irudiwe kwa wakati uliowekwa na daktari, ambao kwa kawaida ni kila mwaka.

Na urudiwe sasa mji ule wa vilima vya Ukambani, mambo yakiwa yamekwenda kwa njia nyingine. Siku ya Jumatatu mbwa anakataa chakula na kujificha. Mama anawaambia watoto, "Leo mbwa haguswi mpaka baba yenu aje." Lakini mtoto ni mtoto; Jumanne jioni anamvuta mkia, naye anaumwa kidole. Mama hapangusi kwa leso. Anakishika kidole juu ya karai, dada mkubwa anamimina maji, na sabuni inatumika dakika 15 huku mtoto akipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza. Jirani mmoja anamsukumia mbwa ghalani kwa ubao wa mlango na kufunga komeo. Usiku haujaingia baba na mtoto wamo ndani ya matatu, wanakwenda hospitali.

Siku ya tano mbwa anakutwa amekufa ghalani, taya limelegea. Afisa wa mifugo anakuja kumchukua. Watoto wanamlilia, maana alikuwa rafiki yao, na si vibaya wamlilie. Lakini asubuhi yule mwenye kidole kilichofungwa kitambaa anachukua mfuko wake wa vitabu na kwenda shule pamoja na wenzake, na ndani ya mfuko imo kadi yenye tarehe za sindano zilizobaki.